Karanga Zilizofika Madhabahuni

Nilitumwa chumvi, si kitu kingine. Mama alikuwa jikoni na shangazi zangu, wanatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuisema harusi yangu kwa kicheko, akaniita: "Féli, ingia mu depo ya baba yako, uniletee chumvi." Nikaingia. Nyuma ya madumu ya mawese, juu ya magunia yaliyopangwa vizuri, nikaona kitambaa cha Espérance.

Ningekitambua kitambaa kile hata gizani. Ni kipande cha kitenge chenye kuku wekundu, kitenge ambacho mama yake alikivaa mpaka kikachoka. Espérance na wenzake, watoto wangu wa masomo ya Jumapili, walikuwa wamefunga midomo ya magunia yao kwa vitambaa kama hivyo, kila mmoja kile alichotoka nacho kwao, ili karanga zao zisichanganyike na za mtu. Karanga walizozipanda wenyewe nyuma ya kanisa, wakazipalilia wenyewe, wakazing'oa wakiwa wamejaa udongo mpaka masikioni. Mimi ndimi monitrisi wao, mwalimu wao. Nilikuwa nao jua lote lile. Na mchumba wangu Placide, mweka hazina wa kanisa letu hapa Baraka, alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba karanga zile ziko kwenye depo ya kanisa na kufuli juu.

Nilitoka na gunia lile nimelikumbatia. Chumvi niliisahau.

"Mama, hizi karanga zimetoka wapi?"

Mama hakuinua hata kichwa. "Karanga gani? Ah, izo? Baba yako alizinunua ku munada wa Sikukuu ya Mavuno. Ni za sosi ya arusi yako. Zingine zilishaenda Misisi na yule mutu wa pikipiki. Kule ku machimbo karanga iko na bei."

"Mama, ni za batoto!"

"Zilikuwa za batoto. Zilifika mazabahuni, zikakuwa za kanisa. Baba yako akanunua, sasa ni za baba yako. Chumvi iko wapi?"

Shangazi zangu wakacheka. Mmoja akasema bibi harusi akiwa na hasira hivi, bwana harusi anunue kofia ya chuma. Mimi sikucheka. Niliweka gunia chini, nikajifunga kitenge upya kiunoni, nikatoka.

Kwa asiyelijua kanisa letu, nieleze. Kwetu si kila mtu anatoa sadaka ya noti. Siku ya mavuno mama mmoja analeta jogoo, mwingine muhogo, mwingine ndizi, mvuvi analeta ndagala, dagaa wetu, waliokauka. Vyote vinapita mbele, vinawekwa madhabahuni, na ibada ikiisha vinauzwa kwa mnada pale barazani. Ni raha tupu! Mtu ananunua jogoo, anamrudisha kanisani auzwe tena, na mwingine ananunua, anamrudisha, mpaka jogoo mwenyewe anachoka na kulala. Na kuna neno moja ambalo hata watoto wadogo wanalijua: kilichofika madhabahuni hakirudi nyuma.

Kwa hiyo niliogopa tangu mwanzo. Nilikwenda mbele ya buro ya kanisa, yaani kamati ya viongozi, nikaomba karanga za watoto zipite tu mbele, watoto waimbe, kisha zitoke kwa mlango wa pembeni. Wakakubali. Karanga zingeuzwa sokoni kwa bei ya soko, tukodi bwato la moteri la kuvuka ziwa, watoto waende Ubwari kwenye kongamano la watoto wa makanisa ya kule. Espérance amezaliwa hapa, analala akisikia maji, na hajawahi kupanda bwato hata siku moja. Jioni moja kabla ya sikukuu nilimuuliza Placide: "Utasema ku munada kama izi si za kuuza?" Akanishika mkono. "Nitasema, mupenzi. Mi njo nasimamia munada. We ushugulike na batoto bako." Na siku yenyewe, wakati wa mnada, nilikuwa nyuma ya kanisa nagawa mandazi.

Nilimkuta kanisani anapanga viti vya Jumapili, peke yake, mikono ya shati ameikunja. Lo, moyo wa mwanamke ni kitu cha ajabu! Nilikuwa nimekuja kumrarua, na bado macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mikono ile iliyokomaa kwa kuvuta nyavu, na kwenye lile pengo la meno linaloonekana akitabasamu. Aliponiona alitabasamu. Nikauchukia mwili wangu kwa namna ulivyotaka kumkimbilia.

"Féli! Nilikuwa ninakuja kwenu sasa hivi. Mbuzi za mahari zimefika! Bandugu bamezileta na bwato asubui, ziko kwa mama mukubwa Suzanne, hapa nyuma tu. Njo uzione. Kuko moja mweupe, muzuri sana, nikasema huyu baba yako hata..."

"Karanga za batoto ziko wapi?"

Tabasamu likakatika.

"Ziko depo," akasema.

"Depo ya nani?"

Akashika kiti, akakisogeza mahali ambapo tayari kilikuwa.

"Placide, mi nakuuliza. Depo ya nani?"

"Féli, ukae kwanza."

"Sikai! Depo ya nani?"

"Ya baba yako," akasema polepole. "Umeziona."

"Nimeziona. Nimebeba gunia ya Espérance kwa hii mikono. Wiki zote izi nakuuliza, unaniambia depo, kufuli, usiogope mupenzi. Ulikuwa unaniangalia mu macho. Mu macho, Placide!"

"Sikusema uongo. Ziko depo."

Nilichukua kitabu cha nyimbo kilichokuwa karibu, nikamtupia. Mungu anisamehe, kilikuwa kitabu cha nyimbo. Kilimpata begani na hakujikinga.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," nikamwambia. "Sema yote. Leo leo, hapa hapa."

Akakaa. Akaweka viwiko magotini, akaongea na sakafu.

"Kabla ya munada baba yako alinifuata ku baraza. Aliniwekea mukono hapa." Akajigusa bega. "Akaniambia, 'Placide, mwanangu.' Féli, miaka hii yote baba yako hajanitaja jina. Mi ni 'yule'. Mi ni 'ule mutu wa Ubwari'. Siku ile akaniita mwanangu. Akasema, 'Zile karanga uniachie, usipige kelele mingi. Kisha ulete bazee benu, tuongee.' Nikaona mulango umefunguka. Nikapiga moja, mbili, tatu, mbio mbio, watu bakiwa bado banacheka jogoo. Yeye peke yake akasema bei. Bei kidogo. Nikafunga."

"Ukafunga."

"Nikafunga."

Kumbe ndiyo maana! Siku ile ile jioni Baba alikuja nyumbani anaimba. Mzee Wilondja anaimba! Baba yangu, mzee wa kanisa, mkuu wa kamati ya ujenzi, aliyeapa kwamba binti yake hataolewa na mtu anayenuka samaki, ameketi mezani ananiambia, "Basi, umulete huyo kijana." Na mimi mjinga nikapiga magoti kumshukuru Mungu. Nilifunga na kuomba kwa ajili ya moyo wa Baba, kumbe moyo wake ulikuwa umelegezwa na karanga za watoto.

"Kwa hiyo mi niliuzwa ku munada," nikasema. "Pamoja na jogoo."

"Usiseme vile."

"Niseme namna gani? Nifundishe, we ni mutu wa hesabu. Umenitolea mahari mara mbili. Hii ya mbuzi ni yako. Ile ya kwanza haikukuwa yako! Ilikuwa ya batoto wenye kulima na majembe ya kukatika mipini!"

"Nilifanya sababu nakupenda."

"Usiniletee mapendo mu wizi!"

Hapo akasimama. Nilikuwa sijawahi kumwona Placide amekasirika, na nilishtuka kuona alivyo mrefu.

"We unaongea vile sababu hujaelewa!" akasema, sauti imempanda. "Hujasimama ku mulango ya baba yako na jua ya saa sita, ukaambiwa ungoje inje na imbwa. Unasikia watu banakula ndani. Unasikia banaongea harufu yako. Na unarudi tena wiki ingine, unaoga mara mbili, unarudi! Sababu ya nani? Sababu yako!"

"Na nani alitoka na sahani siku ile? Nani alikaa na we inje, mbele ya mashangazi bote, tukakula na mukono moja?"

Akainama, akaokota kile kitabu cha nyimbo.

"Mi njo nilitoka," nikasema. "Mi sikukuomba ununue mulango. Nilikuwa tayari kukaa inje na we mpaka tuzeeke. Kwa nini hukujua ile? Mwanaume mwenye kunipenda, kwa nini hukujua?"

Machozi yalikuja, nikayafuta kwa ghadhabu kwa sababu sikuwa nimeyaita. Alinyoosha mkono. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mimbari.

"Kesho Pasta anasoma tangazo la pili la ndoa yetu," nilimwambia. "Kabla asome, usimame. Uambie kanisa ile ulifanya."

"Féli, nikisema, baba yako atavunja ndoa palepale. Unamujua."

"Na usiposema, nitavunja mi."

"Si ungoje kidogo tu? Tuoane kwanza. Kisha nitalipa, polepole. Batoto bataenda mwaka kesho."

Mwaka kesho! Nilimtazama mtu yule niliyempenda kuliko chakula, nikaona anaongea sawasawa na Baba. Nikatoka. Aliniita mara moja mlangoni, "Félicité," jina zima. Lakini nilikwenda.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka dirishani. Kwetu wanaume wanakaa upande wa kushoto, wanawake kulia, na watoto mbele kwenye mikeka. Nilikaa nao kama kawaida. Espérance alinisogelea, akaniwekea mdomo sikioni.

"Monitrisi, mu bwato tutavaa viatu, ao tutavua?"

"Mutavua," nikamwambia.

"Mi nitakaa katikati. Pembeni maji inaweza kuniona."

Ningemjibu nini? Nilimpapasa kichwa, nikamwangalia Placide. Alikuwa ameketi na watu wa buro, suti yake ya bluu, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Nami sikulala. Tulitazamana kwa kitambo, na katika kutazamana kule nilimsihi kwa macho yote niliyo nayo: simama, mpenzi wangu, simama kabla sijasimama mimi. Yeye akainamisha kichwa, akaangalia viatu vyake.

Sadaka ikapita. Kwaya ikaimba. Pasta Dieumerci akafunua karatasi ya matangazo, akavaa miwani, akaanza na ugonjwa wa fulani na kikao cha mamama, akina mama wa kanisa. Kisha akatabasamu.

"Tangazo ya pili ya ndoa. Kati ya ndugu yetu Placide, mweka hazina wetu, na dada yetu Félicité, binti ya Mzee Wilondja, monitrisi wa batoto betu. Kama kuko mutu mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, asimame aseme. Kama hapana, anyamaze mpaka milele."

Nilimwangalia Placide tena. Viatu.

Nikasimama.

Watu wakacheka. Pasta naye akacheka. "Mama Félicité, ukae. Bachumba bataitwa mbele Jumapili ya mwisho."

"Sisimami kwa kusalimia, Pasta. Umeuliza kama kuko mutu na sababu. Mi niko nayo."

Kicheko kikafa. Mahali fulani nyuma mama mmoja alisema, "Yesu wangu!" Pasta alivua miwani, akaivaa tena.

"Sababu... juu ya ndoa yako wewe mwenyewe?"

"Juu ya ndoa yangu mimi mwenyewe. Karanga za hawa batoto ziliuzwa ku munada, na buro yote ilikubali zisiuzwe. Aliyeuza ni mwanaume mwenye kutaka kunioa. Aliyenunua ni baba yangu. Zimenunuliwa bei ya bure, ili nami nitolewe. Batoto banavua viatu kwa kupanda bwato, Pasta, na bwato haiko! Mi siwezi kuvaa nguo nyeupe juu ya ile kitu."

Kanisa likalipuka. Espérance alikuwa ananitazama na mdomo wazi, na nilitamani ardhi inimeze kwa sababu nilikuwa nimejiahidi kuwaambia watoto mimi mwenyewe, taratibu, na sasa wamejua hivi. Baba alisimama upande wa wanaume. Hana haja ya kupaza sauti, mzee yule. Watu hunyamaza wenyewe.

"Félicité," akasema. "We ni mutoto wangu, njo maana sitakupiga mu nyumba ya Mungu. Karanga zilifika mazabahuni, ndiyo ao hapana? Kilichofika mazabahuni hakirudi nyuma. Nikanunua, nikalipa, mbele ya kanisa. Nani hapa alisikia mi niliiba? Mweka hazina mwenyewe alipiga mara tatu. Mumuulize."

Vichwa vyote vikageuka kwa Placide.

Placide alisimama. Kisha, mbele ya macho yangu na ya kanisa zima, akageuka, akatoka kwa mlango wa pembeni. Akaenda!

"Amekimbia!" kijana mmoja wa kwaya akasema kwa sauti.

Jamani, nisikilizeni. Nimewahi kuugua, nimewahi kuzika, lakini sijawahi kusimama mbele za watu nikiwa mtupu vile. Hasira yote iliyonishikilia tangu jana ilinitoka. Nilikuwa nimeivunja ndoa yangu kwa mdomo wangu, na mtu niliyedhani yupo ndani ya Placide hakuwepo. Shangazi mmoja alianza kunivuta kitenge nikae. Baba alikuwa anaendelea, anaongea juu ya mabati ya jengo jipya, juu ya watoto wa siku hizi ambao hawajui heshima, na watu wengine walikuwa wanaitikia.

Ndipo mbuzi alipolia.

Alilia mlangoni kabisa, mlango mkubwa. Wote tukageuka. Placide alikuwa anaingia katikati ya kanisa, suti ya bluu imejaa vumbi, anavuta kamba, na nyuma yake mbuzi wake wote wa mahari wanaburuzana, wanakanyagana, yule mweupe mbele. Mmoja alisimama kati ya wanaume na wanawake, akafanya haja yake bila haya. Hakuna aliyecheka. Placide aliwavuta mpaka mbele, mpaka kwenye ngazi ya madhabahu, akafunga kamba kwenye mguu wa meza.

"Pasta, niruhusu," akasema. Alikuwa anahema. "Ile Félicité amesema ni kweli. Mi nilijua karanga ni za batoto. Nikanyamaza. Nikafunga munada mbio mbio, sababu Mzee Wilondja aliniahidi binti yake. Na nikamudanganya yeye kila siku." Akageukia mikeka. "Batoto, mi njo nilikula safari yenu. Si monitrisi. Mi."

Espérance akauliza, "Ulikula zote?" na mama mmoja akamziba mdomo.

"Izi ni mbuzi za mahari yangu," Placide akaendelea. "Sina kingine. Ninazitoa sadaka kwa jina ya batoto, ziuzwe leo, mbele ya watu bote, na buro isikie: ni za bwato. Kazi ya mweka hazina nimeiacha, mutafute mwingine."

"Izo ni mbuzi zangu!" Baba akapaza sauti, kwa mara ya kwanza. "Toa izo mbuzi pale!"

Placide akamtazama. Hakuwa na kiburi, nawaambia ukweli.

"Bado hazijafika kwako, Baba. Zimefika mazabahuni."

Yule mbuzi mweupe alinyoosha shingo, akaanza kula maua ya kwaya. Na upande wa wanawake, mtu akasimama. Alikuwa mama yangu.

Mama yangu hajawahi kusema neno kanisani mbele ya Baba. Alifungua pembe ya kitenge chake, mahali wanawake wetu wanapofunga fedha zao, akatoa noti zilizokunjwa, akaenda nazo mbele bila kumtazama mtu.

"Huyu mweupe nimemununua," akasema. "Na nimemurudisha. Auzwe tena."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani walivisikia ng'ambo. Mamama walifungua pembe za vitenge. Wavuvi wakaingiza mikono mifukoni. Shangazi yangu, yule wa kofia ya chuma, alimnunua mbuzi mweupe akamrudisha, na mke wa Pasta akamnunua akamrudisha, na Pasta mwenyewe ikabidi apige moja, mbili, tatu kwa sababu mweka hazina hakuwepo tena. Watoto walikuwa wamesimama juu ya mikeka wanaimba wimbo wa kongamano na hakuna aliyewaambia waanze.

Baba alingoja. Alikuwa na subira ya mtu anayejua neno lake bado halijasemwa. Kelele zilipopungua alisema:

"Pasta. Umeuliza kama kuko mutu na sababu. Basi na mi niko nayo. Mahari iko wapi?"

Pasta alimwangalia Placide. Placide aliangalia mbuzi.

"Haiko, Baba," akasema.

"Kama mahari haiko, ndoa haiko. Ufute jina ya binti yangu ku ile karatasi." Akachukua kofia yake na kutoka kanisani, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Sikumlaumu hata. Alikuwa anadai haki yake, nami nilikuwa binti yake, na ukaidi huu niliutoa kwake.

Pasta alichukua kalamu, akasita. "Na we, Félicité? Ile sababu yako?"

"Yangu imeisha, Pasta. Imelipwa na ile mbuzi inakula maua."

"Basi iliyobaki ni ya baba yako," akasema kwa huzuni, akapiga mstari juu ya majina yetu. Nilisikia kalamu inavyokwaruza karatasi.

Placide alikuwa amerudi upande wa wanaume, hakukaa tena na buro. Alikaa kwenye benchi ya mwisho mwisho, karibu na mlango, mahali wanapokaa wageni. Kichwa chini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikapita katikati, mahali ambapo mwanamke hapiti. Minong'ono ikanifuata na sikuijali. Mzee mmoja mwishoni mwa benchi aliniangalia, akaangalia benchi, akakusanya miguu kunipisha. Nikakaa karibu na Placide, upande wa wanaume, mbele ya Mungu na ya kila mtu.

Hakuamini. Aligeuka pole pole. "Féli..."

"Usinisemeshe. Nimekasirika."

"Najua."

"Hujui. Nimekasirika sana. Mahari utatafuta tena, yote, hata kama utavuta nyavu mpaka mikono iote magamba. Na uongo wa depo sijausamehe. Labda Pasaka."

"Na kungoja utangoja?"

"Nitangoja. Na hasira yangu."

Mbele, mbuzi mweupe alikuwa anauzwa tena. Mkono wa Placide ulikuwa kwenye benchi, kati yetu, kiganja juu, haujaniomba kitu. Niliuangalia muda mrefu. Kisha nikaishika pembe ya kitenge changu, ili nisiushike mkono ule, na yeye akasogea kidogo, akaniachia nafasi.